Pazia la Chumba cha Eda

Shemeji yangu alipanda kwenye stuli, akachomoa springi ya pazia la mlango wa chumba nilichokuwa nakalia eda. Pazia likadondoka, nikabaki wazi mbele ya wanaume waliokaa barazani. Nilijifunika uso kwa kanga. Pale sikulia, nililia baadaye.

Shule niliishia darasa la nne, ila hili naliandika mwenyewe.

Kwetu Handeni mlango mchana unashinda wazi, kinachokusitiri ni pazia. Mgeni anasimama nje ya kitambaa, anapiga hodi, na wewe ukitaka kunyamaza unanyamaza. Lile nililishona kwa mkono wangu, la kijani lenye maua. Mume wangu alipofariki, huyo mdogo wake akaitaka nyumba. Kunifukuza ndani ya eda aliona aibu kwa watu. Akatafuta njia nitoke mwenyewe, halafu isemwe nimevunja eda, sina heshima kwa marehemu.

"Haya mapazia ni mali ya kaka, shemeji," aliniambia huku analikunja. "Tunayahifadhi tu."

Jirani yangu, Mshambaa wa Bungu asiyeogopa mtu, alikuwa ananipikia uji. Akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Na sufuria je, siyo mali ya kaka? Lina uji wa moto, njoo nikutwishe."

Mtu mmoja barazani akacheka. Baba mkubwa wa marehemu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, akainama anaangalia kandambili zake.

Jirani alivua kanga aliyojitanda, akaipigilia misumari mlangoni kwa jiwe. "Kaa humo, dada. Usimpe anachotaka."

Nilikaa mpaka eda ikaisha. Nyumba waliichukua hata hivyo.

Sasa nimepanga chumba kimoja Korogwe. Nimekigawa kwa pazia, huku kitanda, huku mkeka na jiko. Siku niliyolitundika nililala mchana kutwa, usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu msiba. Mlangoni nimeweka jingine. Mtu akipiga hodi namwacha angoje kidogo, kwa raha yangu tu.

Lakini raha hii haijakufutia kitu, shemeji. Wala wewe, baba mkubwa uliyenyamaza. Simameni mbele ya wanaume walewale walioniona, mseme ni nani kati yenu aliyeamua mjane avuliwe pazia ndani ya eda. Nataka jibu kutoka midomoni mwenu. Semeni siku, nitakuja kulisikiliza.