Mapezi Yaliyokataa Kutoka

Mimi ni seremala wa milango na makabati hapa Buyenzi, na kuogelea sijui. Naanza na hilo ili msomaji asije akadhani nilitengeneza ubao wa kuteleza juu ya mawimbi kwa sababu ya kupenda maji. Ziwa Tanganyika nimelitazama tangu utotoni nikiwa mahali pakavu, na sijawahi kuona haja ya kulisogelea zaidi ya hapo.

Sababu ilikuwa binti yangu. Alikwenda kusoma pwani ya Kenya, na huko akajifunza kusimama juu ya ubao baharini. Likizo ya kwanza alirudi. Ya pili akasema amepata kibarua hotelini. Ya tatu hakutafuta hata kisingizio cha heshima, alisema tu kwamba msimu huo mawimbi ni mazuri, papa, ndivyo anavyoniita baba yake, utanielewa. Sikumwelewa hata kidogo. Niliingiwa na hofu. Nilimwona anaolewa huko, anazaa huko, na mimi nabaki kusalimiana na wajukuu kwenye simu, nikipiga kelele "halo, halo" mtaa mzima usikie.

Basi siku moja alipopiga simu nikajigamba: "Hata hapa mawimbi iko. We kuya tu, mi nitakutengenezea ubao."

Alicheka mpaka nikaumia. Kisha, kwa huruma nadhani, akanieleza. "Mawimbi ya ziwa iko kidogo, papa. Inaomba ubao mupana, tena munene, juu maji ya ziwa haibebe mutu sawa maji ya chumvi." Halafu akaja kwenye mapezi, yaani vile vibawa vinavyokaa chini ya mkia wa ubao na kushika maji. Pezi moja hukupeleka moja kwa moja, mawili hugeuka upesi, matatu hutuliza mambo. Maji ya leo yana mapezi yake na ya kesho yana yake.

Mtu mwenye akili angechagua namna moja. Mimi nikasema nitaweka zote.

Nilijenga kitu pekee ninachokijua, mlango mwepesi: fremu ya mbao za grevilea, ndani uwazi, mabamba membamba ya tripleksi juu na chini. Ulitoka mfupi, mnene, pua butu, na mkia uliokatwa wima kama umepigwa panga. Wateja walioshangaa niliwaambia mkia huo ni ubunifu. Ukweli ni kwamba tripleksi iliniishia hapo. Mke wangu alipita na beseni lake la nguo, akasimama mbele ya ubao, akatikisa kichwa. "Mi naomba kabati tangu Idi ingine," alisema, "we unachonga samaki."

Lakini mkiani, hapo nilijipenda. Nilichonga mifereji sambamba, myembamba mdomoni na mipana ndani, ili pezi liingie kwa kuteleza kutoka nyuma kama droo na lisichomoke kwa kuvutwa chini. Moja, mawili, matatu, manne, unapanga utakavyo. Niliwaita mafundi magari wa jirani waje waone. Nikaingiza, nikatoa, nikaingiza, nikatoa. Mmoja aliuliza kama nimekwisha kuujaribu majini. Nikamwonyesha mfereji mwingine.

Vanishi nilipaka kila mahali isipokuwa ndani ya mifereji. Njia ya droo haipakwi vanishi, itakwama. Inasuguliwa sabuni kavu tu. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo ninavyofundisha, na nilisugua sabuni kwa moyo wangu wote.

Binti akaja kiangazi hicho. Sitaki kujidanganya kwamba ni ubao uliomleta, lakini nilijidanganya. Siku upepo wa kusini ulipoanza kuvuma, tukaufunga ubao juu ya baiskeli, maana petroli ilikuwa haipatikani mjini, tukaisukuma kuelekea ufukwe wa Ruziba. Tulipopita mtaa wa Kinindo, mlinzi wa nyumba moja kubwa alituona kwa mbali, akafungua geti kabisa, akatupigia makofi tuingie. "Mumechelewa na hiyo mulango! Patron wa nyumba anakasirika tangu asubui!" Binti yangu alilazimika kushika ukuta kwa kicheko. Mimi nilimweleza mlinzi kwamba huu ni ubao wa mawimbi wenye mapezi ya kubadilishwa. Alifunga geti taratibu, akinitazama.

Ruziba wanawake walikuwa wakigeuza ndagala, dagaa wa ziwani, mchangani zikauke. Waliacha kazi kututazama. Kwa kuwa nilikuwa na hadhira, niliona niwape mpango wangu mwenyewe, ambao hakuna aliyenifundisha: pezi moja kubwa kushoto, mawili madogo kulia. Binti aliinua nyusi, lakini ni mtoto mwenye adabu. Akaingia majini.

Alisimama! Moyo wangu ulisimama naye. Kisha ubao ukageuka kushoto, ukazidi kugeuka kushoto, ukachora duara lake lote na kumwangusha pale pale alipoanzia. Alijaribu tena, duara tena. Wanawake wakaanza kumhesabia.

"Papa, inaenda tu upande moya!"

"Leta!" nikapaza sauti, nikifurahi kabisa. "Ndiyo uzuri wake, tunabadilisha!"

Nikashika pezi kubwa, nikasukuma. Halikuondoka. Nikavuta kwa koleo. Nikagonga kwa jiwe. Kilichotoka ni povu la sabuni. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mbao hunywa maji. Mimi, ninayeitwa kila masika kuranda milango iliyovimba, na ninayewahubiria wenye nyumba, huku nikinywa chai yao, kwamba mbao hunywa maji. Mganga hajigangi. Ubao wenye mapezi ya kila namna ulikuwa na namna moja tu sasa, tena ile mbaya kuliko zote.

Nilipiga magoti pale nikigonga na kugonga. Binti alikaa karibu nami, maji yakimchuruzika.

"Papa, juu ya nini ulitaka mapezi ya kila namna?"

Nikaanza kumweleza habari za maji tulivu na maji ya fujo.

"Apana. Juu ya nini?"

Niliweka jiwe chini. Nikasema nilitaka siku yoyote atakayokuja, maji yawe vyovyote, asiseme hapa hakuna kinachomfaa.

"Si ungeniambia tu nirudi?"

Miezi mizima nilipasua, nikaranda, nikagundisha, na neno hilo halikunijia mdomoni hata mara moja. Nikalisema sasa, nikiwa nimeinamia mkia wa ubao.

"Nini? Upepo, papa."

"Rudi nyumbani!" nikasema. "Nakukumbuka! Kila siku nakukumbuka!"

Ilitoka kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya ziwa. Wanawake wote wakageuka, na mmoja akajibu, "Tumesikia, muzee!" wenzake wakapiga vigelegele. Masikio yaliniwaka. Nilisubiri binti yangu acheke kama alivyocheka kwenye simu, na haki ilikuwa yake.

Hakucheka. Alikuwa akifuta mchanga kwenye kidole cha mguu wake, mahali ambapo hapakuwa na mchanga.

"Mi nilizania mulishazoea nyumba bila mi," alisema.

Niliusukuma ubao pembeni. Nikamshika mkono, na tukakaa hivyo mpaka wanawake walipomaliza kukusanya ndagala zao.