Sikio la Kushoto la Mwalimu Musimbi

Karatasi ya kura ilipotolewa kwenye kikopo cha chaki na jina kusomwa "Musimbi," mwenyewe alicheka pamoja na wenzake, akapiga makofi, kisha akaenda chooni akajifungia. Mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mama wa watu, anatetemeka chooni kwa ajili ya kufundisha somo la dakika thelathini na tano mbele ya walimu wenzake! Lakini usimcheke kwanza. Ngoja usikie alichokuwa anaficha.

Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa. Agosti ya mwaka uliopita aliamka kwake Langas, mtaa wa Eldoret, sikio likivuma kama mashine ya kusaga posho. Kufikia Jumapili mvumo ukaisha, na kila kitu kikaisha nao. Daktari wa mjini hakumung'unya maneno: hili halirudi. Musimbi alimshukuru, akaikunja karatasi ya majibu, akaitia ndani ya Biblia na asimwambie mtu. Hata Nyongesa, mumewe, alipoongea upande ule asijibiwe, alidhani amenuniwa tu.

Kwa nini anyamaze? Woga, jamani. Kulikuwa na mwalimu mmoja, Wanyama, aliyepungukiwa na uwezo wa kuona. Maneno yakazagaa kwamba alisimamishwa mbele ya madaktari, akarudishwa nyumbani kabla ya wakati wake. Kama ilikuwa kweli au ni porojo za saa ya chai, Musimbi hakuwahi kuuliza. Alikuwa amefundisha miaka ishirini na sita, na kazi nyingine hakuijua. Ukimtoa darasani, umemwachia nini?

Basi akajifunza ujanja. Hakusimama mahali pamoja; alitembea katikati ya madawati, akigeuka hivi na hivi, sikio zima likitangulia. Watoto wakijibu wote kwa pamoja, ndio vizuri zaidi. Simu ikimsumbua, "mtandao ni mbaya." Wenzake wakawa wanamsifu kwamba huyu mama hachoki, anatembea darasa zima. Kumbe!

Sasa ile kura ilikuwa ya kikundi cha walimu cha Jumatano, kilichoanzishwa na Kigen, naibu wa mwalimu mkuu, aliyechoka kungoja semina zisizokuja. Walimu sita wafundishane wao kwa wao. Mmoja anafundisha, wengine watano wanaingia darasani, na sheria ni moja: hakuna kumtazama mwalimu. Kila mgeni anapewa watoto watatu, anaandika wanachofanya na wanachosema, basi. Kigen alifikiri sheria hiyo itawaondolea watu hofu. Pole yake. Mwalimu anaweza kujitengenezea sura, lakini watoto ndio watakaomtobolea siri.

Siku yenyewe lilikuwa somo la mwisho, Gredi ya Tano, watoto hamsini na wawili. Wageni walikuja na mabenchi yao, wakayapanga wapi? Palepale kwenye kijia cha katikati. Musimbi akaona kijia chake kimezibwa. Angewaambia nini, sogeeni nipite nikasikie? Akabaki mbele, mgongo ubaoni, na ile nusu ya darasa iliyokaa kushoto kwake, upande wa dirishani, ikawa ya midomo tu inayofunguka na kufumba.

Walikuwa wanajifunza kutenganisha vitu vilivyochanganyika. Mahindi na unga, wakachekecha. Misumari na mchanga, wakaleta sumaku. Kisha akainua bakuli lenye mchanga na chumvi.

"Nani ataniambia chumvi tutaitoaje hapa?"

Wa upande wa mlangoni wakakuna vichwa. Dirishani aliona midomo ikicheza, asijue kama ni jibu au ni umbea, na kwa kuogopa kumchagua mtu asimsikie, macho akayaelekeza mlangoni. Akauliza tena. Jasho lilimtiririka mgongoni, na baridi ile yote ya Eldoret. Akauliza mara ya tatu, na sauti yake mwenyewe ikaanza kumkimbia.

"Hakuna? Darasa zima hakuna anayejua? Mnanitia aibu mbele ya wageni."

Akamimina maji mwenyewe, akaeleza mwenyewe. Alipokuwa akifuta ubao, mvua ikaanza kupiga mabati, na kengele ikalia. Mungu wangu, akasema moyoni, imekwisha. Wapi! Haikuwa imekwisha.

Walikaa chumba cha walimu, chai mezani, kila mtu na karatasi yake. Wa mwisho kusoma alikuwa Purity, mwalimu aliyeajiriwa juzijuzi, ambaye kwa bahati aliketi kulia kwa Musimbi.

"Jepkosgei, dawati la dirishani," Purity akasoma. "Mwalimu anauliza chumvi itatoka vipi. Jepkosgei ananyoosha mkono. Anasema, 'Tuweke maji, chumvi iyeyuke, tuchuje, halafu yale maji tuchemshe yaishe.' Mwalimu anauliza tena. Jepkosgei anarudia. Mara ya tatu anasimama kabisa, anasema. Mwalimu anasema hakuna anayejua, mnanitia aibu. Jepkosgei analaza kichwa kwenye dawati. Hajakiinua mpaka kengele."

Kigen akaweka kikombe chake chini polepole.

"Madam, hata wale wangu watatu nimeona hivyo hivyo. Hawa wa dirishani hukuwajibu hata mmoja. Huyu msichana alisimama mbele yako. Una shida gani na yeye?"

Msichana aliitwa Jepkosgei, mtoto wa hapa hapa. Na Musimbi ni mtu wa kutoka magharibi. Eldoret, swali kama hilo halihitaji kumaliziwa; kila aliyekuwa mezani alijua linakoelekea, na wawili wakaanza kukagua kucha zao. Mwaka mzima Musimbi alikuwa ameogopa kuitwa kiziwi. Hakuwahi kufikiri angeogopa kuitwa mkabila.

"Labda ni mvua," Purity akasema haraka. "Haya mabati, haki, mtu hasikii kitu."

"Eeh, mvua," mwingine akadakia, na vichwa vikaitikia. Kila mtu alitaka iwe mvua.

Musimbi akafungua mdomo aseme ndiyo, ni mvua. Kuna ubaya gani? Lakini mvua ilimkuta akifuta ubao, na wakati huo yule mtoto alikuwa ameshalaza kichwa.

"Si mvua," akasema. "Ni mimi. Hili sikio halisikii. Tangu Agosti."

Akalia mbele ya watu wazima, kamasi na yote. Hakuthubutu kumtazama Kigen. Alikuwa anangoja neno moja tu, lile la Wanyama, "nyumbani," na moyo ulimpiga hadi akausikia kwenye lile sikio zima.

"Mwalimu mkuu anajua?" Kigen akauliza.

"Hapana. Atanifukuza?"

"Sijui, Madam. Wacha nisikudanganye. Ijumaa utamwambia, na mimi nitakuwa hapo." Akasita, akakuna kidevu. "Nikae upande gani?"

"Wa kulia," akasema, akipangusa uso kwa kitambaa.

Akarudi darasani kuchukua mkoba. Kabatini kulikuwa na ripoti za muhula wa kwanza. Akatafuta ya Jepkosgei, akaipeleka kwenye mwanga. Ni mwandiko wake mwenyewe, wino wa buluu: Mtoto mkimya mno. Ajifunze kuongea darasani.

Msichana alikuwa nje, chini ya ukingo wa paa, akingoja mvua ipungue. Musimbi akapiga magoti pale kwenye matope, sketi ya kazini na yote, akasogeza sikio la kulia karibu na mdomo wa yule mtoto.

"Jepkosgei, mama, mbona mwaka huu wote hukuwahi kuniambia kitu?"

Mtoto akaangalia viatu vyake. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito kidogo, yenye mikwaruzo, na Musimbi alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza.

"Nilikuwa nasema, Madam," akasema. "Kila siku."