Msuluhishi Tuliyemkubali Sote

Jamani, yule aliyenishauri niandike "tukizozana twende kwa msuluhishi" kwenye mkataba wa mlango, ajitokeze leo nimwone uso.

Fundi Shee aliniahidi mlango wa nakshi kabla ya Ramadhani. Idi imepita. Mlangoni pangu bado pana pazia, na punda wa jirani ameshazoea kuingia kama shemeji.

Asubuhi nikaenda Mahakama ya Madai Madogo. Karani akausoma mkataba, akaguna.

"Mama, hapa mmekubaliana kuanza kwa msuluhishi. Mbona umeanzia kwetu?"

Haya.

Msuluhishi wetu ni Bwana Athmani, mtu mzima wa mtaani, mswalihina, hapendelei mtu. Mimi na fundi sote tulimkubali.

Tukaketi barazani kwake. Akaanza kwa bismillahi. Nikaeleza mpaka koo likanikauka. Fundi akajibu kwa ule upole wake wa kukera: "Inshallah, Bi Rukia, mlango uko karibu."

Bwana Athmani akavua miwani.

"Na kitanda changu, Shee? Nacho ki karibu?"

Nikamgeukia fundi. (Nyinyi mngefanyaje?)

"Kitanda kitatangulia, Bwana," fundi akasema.

Kitatangulia! Mbele yangu!

Mzee akanigeukia. "Mwanangu, mimi sifai tena kuamua. Ndia ni ile ya mahakamani. Ningoje nivae kofia."

Karani alipotuona akauliza, "Haya, msuluhishi wenu amesemaje?"

Nikamwambia, "Muulize mwenyewe. Ndiye huyu, mlalamikaji wa pili."