Nzi wa Mtama katika Shamba la Malineo

Jambo la kwanza mtu alilogundua kwa Malineo ni kwamba hakuweza kusimama shambani akazungumza tu. Aliinama, akachomoa jani la katikati la mche wa mtama, akalinusa. Likitoka bila ubishi na kunuka uvundo, alijua kiini kimeshaliwa.

Mumewe, Molefi, alifariki baridi ikielekea kuisha. Katika kijiji chao, milimani Lesotho, mjane aliyevaa kitambaa cheusi hakanyagi shamba wala hatii mbegu ardhini mpaka ukoo wa mume umvue. Shemeji yake, Tseliso, ndiye aliyepaswa kuandaa siku hiyo. Akaiahirisha weee: mara kondoo hajanona, mara wajomba hawajafika. Malineo alipovuliwa kitambaa, mtama wa majirani ulikuwa umefika magotini.

Alipanda kesho yake. Miche ikachipua vizuri. Lakini nzi wadogo wa kijivu, wale wa kwenye nyasi ambao hakuna aliyewahi kuwajali, walikuwa wameshazaliana katika mashamba ya waliotangulia kupanda, nao wakahamia kwenye miche hiyo michanga. Walitaga chini ya majani, na funza wao wakapenya hadi ndani. Shamba likanyauka mstari kwa mstari.

Watu walisema ni kivuli cha mfiwa, mkosi wa msiba alioingia nao shambani. Malineo alipasua shina mbele ya Tseliso, akamwonyesha funza.

"Na huyo naye nani alimwelekeza kwako, shemeji?" Tseliso alicheka. "Ng'ombe wangu watakushukuru kwa majani. Chifu ameshasema, shamba lisilovunwa safari hii linarudi kwenye ukoo."

"Ukoo ndio wewe?"

"Kwani unamwona mwingine hapa?"

Malineo alikata mashina yaliyokufa, akayachoma, akasubiri machipukizi ya pembeni. Mengi hayakutoka. Bintiye, Lineo, aliacha kuuliza watakula nini.

Sasa upepo umegeuka, na vilele vya milima vinaamka vyeupe kwa sakitu, baridi inayogandisha umande na kuua mimea. Ikishuka bondeni kabla mtama haujakomaa, hakuna mavuno. Kwenye ukingo wa chini yamesalia mashina yaliyovimba, mashuke yake yakiwa bado yamefungwa ndani ya majani. Tseliso amekwisha kuleta jembe lake, ameliegemeza kwenye ukuta wa mawe. Kila asubuhi Malineo na Lineo wanashuka mbio kabla ya uji, wanafunua majani polepole, kuona kama shuke la kwanza limechungulia.