Swali la Baba Ilunga

Jumatano ile tulikusanyika kusali uani kwetu, Ruashi, kama kila wiki. Mimi ndiye niliyefundisha: kuwalisha wenye njaa, kuwatembelea wagonjwa, kuwazika wafu. Mume wangu, Baba Ilunga, fundi wa kuchomelea milango ya chuma, alikaa nyuma kabisa akisinzia. Kwenye mambo ya sala hakuwa mtu wa makelele. Nikasema asiyetii Neno asijidanganye kwamba anaamini. Akainua kichwa.

"Na kama ni adui, naye banamuzika?"

"Hata adui," nikamjibu upesi. Nilikuwa na chungu cha sombe motoni, nani ana nafasi ya maswali?

Siku mbili baadaye waasi wakaingia mjini. Risasi zilianzia upande wa mgodi, zikafika avenii yetu. Tukalala chini na watoto, nyuma ya mlango alioutengeneza yeye mwenyewe. Kulipotulia kidogo tukachungulia. Muasi mmoja alikuwa amekufa mbele ya lango letu, na mbwa walikwisha fika. Askari wakapita wakikataza mtu yeyote asimguse.

Baba Ilunga akafungua sanduku langu. Akatoa kikwembe changu cha sherehe ya akina mama wa parokia, kipya, sijakivaa hata mara moja.

Nikamuuliza anakipeleka wapi.

"Kumufunika. Kumuzika, tutamuzika kisha."

Nikamshika shati. Nikamwambia ana wazimu, ana watoto, yule mtu angetuua sote. Hakukasirika.

"Mama Ilunga, we njo ulifundisha: hata adui."

Akatoka.

Akawafukuza mbwa. Akatandaza kikwembe, akakivuta kifunike na miguu.

Mlio mmoja tu.

Nani alipiga, sijui. Mpaka leo watu wanabishana, ati askari, ati waasi, kana kwamba jibu litanirudishia mtu. Alilala pale kando ya yule muasi hadi jioni, nami mwalimu nikabaki nyuma ya mlango. Ningetoka, watoto wangebaki na nani? Najua hivyo, na bado inaniudhi.

Siku ya mazishi padri alimsifu. Alisema imani ya kweli ilionekana katika utii wa Baba Ilunga. Watu wakaitikia Amina, wakaenda kula bukari yao. Na ni kweli, hilo ndilo linalonichoma: hasira yangu haina pa kwenda. Nimgombeze nani, kwa kosa gani? Wanasema mdomo uliponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mwenzangu.

Akina mama walininunulia kikwembe kingine, nakivaa. Kila Jumatano bado nafundisha, maneno ni yaleyale, sijapunguza hata moja. Ila siku hizi mwanamume akiinua kichwa kule nyuma na kuniuliza swali kama lile, simjibu upesi. Kwanza namuuliza kama ana mke nyumbani.