Zamzam, uliyemfungulia panzi mlango

Akili yangu imekataa kabisa. Jana tumemzika Zamzam kwao Koboko, na leo bado naangalia simu kama ataniuliza, "Umefika studio?"

Malaria tu, jamani! Jumatatu tulikuwa tunacheka.

Kwa wasiomjua, ndiye aliyesimulia hadithi za wanyama kila Jumamosi kwenye redio yetu hapa Arua. Mimi ni fundi wake wa sauti.

Fisi wake alikuwa anakohoa. Nilikuwa nazima maiki yangu nisicheke hewani.

Mwezi wa Ramadhani, yeye amefunga, alikuwa ananifukuza mimi nisiyefunga nikale chakula cha mchana. Nikirudi: "Umekula nini? Niambie polepole." 😂

Siku moja tulirekodi Omugo, kwenye kambi ya wakimbizi. Hadithi ya sisimizi na panzi. Bosi alishapitisha skripti pamoja na somo lake: tufanye kazi kwa bidii.

Zamzam akasimulia. Sisimizi anajaza ghala, panzi anaimba tu. Njaa inaingia, panzi anabisha hodi, sisimizi anamfungia mlango. "Tumejifunza nini?"

Mama mmoja akasimama. "Mimi nilikuwa sisimizi. Ghala yangu ilijaa mtama kule Sudan. Vita ilikuja, nikabeba watoto, nikakimbia. Sasa hapa kila mutu anaona mimi panzi."

Zamzam akaweka skripti chini. "Mama, wewe ungemaliza hii hadithi namna gani?"

"Afungue mlango kwanza. Maneno ya uvivu wataongea wakishakula."

Bosi aliposikia rekodi akawaka. "Somo limeharibika! Kata huyo mama."

Zamzam hakupandisha sauti. "Ukimkata, bosi, tafuta msimuliaji mwingine."

Nilijua ana watoto wa kulisha. Lakini kipindi kilikwenda hewani kizima, na simu ziliita mpaka taarifa ya habari ikachelewa.

Jumatano wiki hii nilimkuta hospitalini, sauti imekwisha. Akanishika mkono. "Jumamosi simulia wewe."

"Dada, mimi sijui sauti za wanyama."

"Simulia na yako."

Basi leo nimekaa kwenye kiti chako, dada. Nimesimulia vibaya. Katikati nikalia, hewani, wote wakisikia. Mtoto mmoja akapiga simu: "Mjomba, lia tu kidogo. Sisi iko, tunangoja."

Nikalia. Wakangoja. Nikamaliza.

Mungu akupokee vizuri, Zamzam wangu. Pumzika sasa.