Lango la Mfereji na Wanaolima Juu

Asubuhi moja ya usichana wangu naikumbuka kuliko chakula nilichokula jana, mwanangu Hamisi, na leo utaisikia upende usipende. Weka hiyo simu chini. Nimesema chini, siyo mfukoni.

Jana mkutanoni ulinitia aibu. Mwenyekiti kasimama kwa adabu zake, kaeleza kwamba lango la banio, pale mto unapokingwa, limeliwa na kutu, maji mengi yanarudi mtoni kabla hayajaingia kwenye mfereji. Fundi wa kuchomelea kutoka Nachingwea yuko tayari, ila kila mwenye jaruba la mpunga achangie, maana msimu umekaribia. Wewe ukanyanyuka, ukasema, "Mimi maji yananifikia freshi tu. Wa mkiani wajipange." Wenzako wa majaruba ya juu wakacheka, hakuna aliyetoa, mkutano ukavunjika. Wajipange! Wajipangeje, Hamisi, wakati hayo maji machache yanaishia kwako?

Na usiniambie huna. Juzi kwenye ngoma ya kumtoa mwali wa shangazi yako uliwatunza wapigaji mpaka wakakuimba jina. Za ngoma zipo, za lango hazipo. Jamani, mtoto huyu nimemzaa mimi kweli?

Haya, sikiliza. Sisi kwetu hatukuzaliwa juu. Wazazi wangu walivuka Ruvuma, wakafika hapa Narung'ombe, wakakuta majaruba ya karibu na banio yana wenyewe zamani. Wakapewa mkiani, mwisho kabisa wa mfereji, wakashukuru. Na desturi ilikuwa kwamba kabla ya msimu wote tunatoka na majembe kuusafisha mfereji, tunaanza mkiani tunapanda, tunamalizia kwenye banio. Wengi wetu tulikuwa watu wa chini. Ukitazama ile safu ya migongo iliyoinama, karibu yote ilitoka kwetu.

Mwaka huo lango likaharibika, vilevile kama sasa. Wa mkiani tulichanga. Asiye na fedha alipeleka debe la mpunga, na mama yangu alipeleka la kwake mimi nikimwona, akalijaza mpaka juu wakati ndani hatuna cha maana. Wa juu wakakataa. Mzee Saidi, mdogo wake babu yako mzaa baba, ndiye aliyekuwa msemaji wao. Alisema maji yanamfikia, alipie nini? Basi huo ubishi wako najua ulikotoka.

Mchango haukutosha, fundi aliyeitwa akarudi kwao. Mpunga wetu ukakauka ukiwa bado haujatoa masuke, tukala mihogo mpaka tukaichukia.

Msimu uliofuata ndiyo asubuhi ninayokuambia. Ngoma ya kuita watu kwenye mfereji ikalia, ikalia weee, hakuna aliyetoka. Mzee Saidi akashuka mwenyewe kutafuta watu. Akatukuta kilimani tunapalilia ufuta.

"Mama Rosa," akamwita mama kwa jina langu, "hamjasikia ngoma?"

"Tumeisikia, mzee wangu."

"Sasa mbona mko huku? Mfereji nani atasafisha?"

Mama hakuacha hata kupalilia. "Anayefikiwa na maji," akasema. "Sisi hatufikiwi."

Mzee Saidi akapandisha hasira, akasema ataona. Aliyeona ni yeye. Maji ya mto yakiingia kwenye mfereji, mchanga unatua pale pale mwanzoni, mbele ya majaruba ya juu. Haufiki mkiani hata siku moja. Miaka yote tulipokuwa tunapanda na majembe yetu, tulikuwa tunawachimbia wao mchanga wao, na hawakuwahi kulifikiria hilo. Safari hii wakabaki wachache. Wakachimba mpaka viganja vikatoka malengelenge, mchanga haukuisha. Mto ulipojaa, maji yakakosa njia, yakaruka ukingo, yakaingia kwenye jaruba la Mzee Saidi na mchanga wake wote. Nilipita pale nikamwona amepiga magoti, anafukua miche kwa vidole. Nilimwonea huruma, sikufichi.

Akaja nyumbani kwetu kwa miguu, mtu mzima yule, kumwomba mama awarudishe watu kwenye mfereji. Mama akamkaribisha kigoda, akampa maji ya kunywa, ndipo akamwambia, "Mzee wangu, wewe ulidhani unatugawia maji. Sisi ndio tuliokuwa tunakuletea. Lipieni lango kwanza, majembe mtayaona." Wakalipa. Na kesho yake tukatoka wote, na mama akiwa wa mbele.

Sasa mimi nimeishi mkiani, na tangu niolewe na baba yako nimeishi juu, halafu mwanangu wa tumboni ananisimamia mkutanoni kama hajafundishwa kitu! Wa mkiani wameshasema. Lango lisipotengenezwa, wanahamia kwenye ufuta na majembe yao. Huo mchanga utachimba na simu?

Nasaha yangu ni hii, na uwapelekee wenzako. Lango likiharibika, usiulize maji yanaishia kwa nani. Lipa. Lipa hata kama kwako yamejaa, tena wewe wa juu uwe wa kwanza, kwa sababu mfereji haulimwi na maji, unalimwa na watu, na watu wako wanakaa chini.

Lakini najua maneno yangu yanaingia huku yanatokea huku. Jaruba unalolima baba yako, Mungu amrehemu, aliniachia mimi, mbele ya ndugu zake wote. Leo alfajiri nimekwenda kwa Mama Zuhura, yule mjane wa mkiani anayelea wajukuu. Tumebadilishana. Msimu huu yeye analima juu, wewe unakwenda kulima chini kwake. Usinitolee macho, nimeshamaliza.

Sijakunyima radhi, mwanangu. Nenda. Mungu akupe nguvu za mikono, akuepushe na ukame na mafuriko, miche yako ishike vizuri. Na kule karibu na banio akupe jirani asiyesema kama ulivyosema wewe jana.